CHUJIO LA DAMU LINAZUIA NINI?



Kwetu hapa Kalehe malaria inamalizaka damu ya watoto wadogo, na mara nyingi jamaa wanaombwa kuleta mtu wa kutoa damu. Ndipo tunasikiaka: «Alete nani yeyote, ile tiyo itasafisha damu.» Hapana. Tueleze.

Aliyekwisha kulala hospitali anajua tiyo ya serumu: juu mfuko, chini yake kichupa cha plastiki ambamo matone yanaanguka. Katika tiyo ya damu, ndani ya kichupa hicho kuna wavu mwembamba. Matundu yake yana mikroni 170 mpaka 200, ni kusema karibu moja ya tano ya milimita. Chembe nyekundu ina mikroni 7 au 8 tu, basi inapita bila taabu. Kinachobaki ni mabonge. Damu ya mfukoni inatiwa sitrati, ambayo inafunga kalsiamu ili isigande, lakini ikikaa siku nyingi kwenye baridi vibonge vinatokea tu, na vikiingia mwilini vinaweza kuziba mishipa midogo ya mapafu. Ni kinyume cha wavuvi wa sambaza wa ziwa letu: wao wanataka kinachobaki wavuni, munganga anataka kinachopita.

Tiyo ya serumu nayo iko na chujio, lakini la mikroni 15 hivi. Damu ikipitishwa humo litaziba upesi, kwa hiyo hizi mbili hazibadilishwi, hata kama kwa macho zinafanana.

Sasa, kirusi cha SIDA kina karibu mikroni 0,1. Mbele ya tundu la mikroni 200 ni kama sisimizi wa milimita moja anayepita katika mlango wa mita mbili! Virusi vya hepatiti B na C vinapita vilevile. Kijidudu cha malaria kinapita kimejificha ndani ya chembe nyekundu yenyewe. Na wavu wa kukamata virusi ungezuia chembe nyekundu pia, mgonjwa asipate kitu.

Ndiyo maana damu inapimwa kwanza katika laboratwari: SIDA, hepatiti B na C, kaswende. Lakini ugonjwa ulioingia juzi tu, kipimo kinaweza kuukosa. Kwa hiyo muuguzi anamwuliza mtoaji maswali ya siri kuhusu maisha yake. Anayejibu uongo kwa kuona haya, damu yake itapita katika chujio vizuri kabisa.