Picha za Familia Mloka na Kimo cha Jua

Kila ifikapo Oktoba, majarida na video za upigaji picha hujaa mashauri yaliyoandaliwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika Kaskazini: chukua familia, nenda penye miti ambayo majani yake yamegeuka rangi, piga picha kutwa. Ushauri huo ni sahihi kwa kule ulikoandikwa. Ukiuhamishia Mloka, kijiji cha Rufiji kilicho kando ya mto, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, utarudi nyumbani na picha za watu wasio na macho. Hoja yangu ni kwamba huku kinachoamua picha ya familia ni kimo cha jua kutoka upeo wa macho, kuliko msimu, rangi ya majani au bei ya kamera, na kwamba siku yote ya matembezi inapaswa kupangwa kwa kukifuata.

Mloka iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na mtu aliyesimama hukanyaga kivuli chake mwenyewe. London, siku hiyo hiyo ya Oktoba, jua likifika juu kabisa haliachani na upeo wa macho kwa zaidi ya digrii 31 hivi. Mpiga picha wa kule anapata mwanga wa ubavuni tangu asubuhi hadi jioni bila kuutafuta. Mloka jua huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, likapanda karibu wima, kiasi cha digrii 15 kila saa, na ikifika saa mbili na robo limeshafika kimo ambacho la London hukifikia adhuhuri. Saa nne limepita digrii 55. Jioni mambo hujirudia kinyume: kuanzia saa kumi na robo linashuka chini ya digrii 30, na saa kumi na mbili na robo limezama. Mwanga ambao mwenzetu wa kaskazini anao kutwa nzima, hapa upo kwa saa nne tu, mbili za asubuhi na mbili za jioni.

Tazama kinachotokea usoni saa saba mchana. Paji la uso na ncha ya pua vinang'aa, nyusi zinatia kivuli ndani ya matundu ya macho, mdomo wa juu unaufunika wa chini, na aliyevaa kapelo anabaki kidevu. Jua la moja kwa moja hutoa mwangaza wa laksi 100,000 hivi, na kivulini hatua chache pembeni huwa kama 10,000 au zaidi kidogo. Uso mmoja unabeba tofauti kubwa mno. Sasa mweke hapo babu aliyevaa kanzu nyeupe na kofia, kama wanavyovaa wazee wengi wa Rufiji siku ya kutoka. Kanzu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, ngozi nyeusi hurudisha kidogo, na tofauti hiyo peke yake kamera inaimudu. Lakini adhuhuri mabega ya kanzu yanapigwa na jua kamili huku macho ya babu yako kivulini, kwa hiyo tofauti ya pili inazidishwa juu ya ile ya kwanza. Kamera ikiiokoa kanzu, uso unakuwa doa. Ikiuokoa uso, kanzu inaungua, haionyeshi mshono wala darizi. Mhamishie babu chini ya mwembe. Kanzu na uso vikiwa kwenye kivuli kimoja, inabaki tofauti ya kitambaa na ngozi tu, na darizi ya shingoni inaonekana uzi kwa uzi.

Kamera nayo ina dhana zake. Kipimo chake cha mwanga kimejengwa juu ya makisio kwamba kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni kijivu cha wastani. Kando ya Rufiji wakati wa kiangazi maji hupungua na mchanga mpana hujitokeza, juu yake mbingu isiyo na wingu. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na wanaoumia ni watu. Dawa ni kuipuuza: gusa uso kwenye kioo cha simu kisha pandisha alama ya jua, au kwenye kamera ongeza mwanga kwa hatua moja. Jambo hili lina historia inayotugusa. Kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1950, maabara za kusafisha filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Albamu nyingi za Afrika Mashariki ambamo shangazi na wajomba ni meno na macho tu hazikuharibiwa na mpiga picha peke yake. Mfumo mzima haukuwa umetufikiria.

Hapo ndipo linapoibuka pingamizi la kwanza: hayo yalikuwa ya filamu, simu za leo zinarekebisha kila kitu. Ni kweli zimepiga hatua. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo wa Real Tone, uliotengenezwa mahsusi ili ngozi nyeusi ionekane ilivyo, na simu nyingi sasa huunganisha picha kadhaa zenye mwanga tofauti ziwe moja. Ila programu inaweza kung'arisha kivuli, haiwezi kuhamisha jua. Macho yaliyokuwa gizani yakipandishwa kwa hesabu hutoka ya kijivujivu, hayana ile nukta ya mwanga kwenye mboni inayoufanya uso uwe hai, kwa sababu nukta hiyo hutokana na mwanga unaokuja kutoka mbele. Na mtoto asiyetulia, picha zake zikiunganishwa, mara nyingi mikono yake hufifia pembeni.

Pingamizi la pili nalipa uzito zaidi. Jua kali ndilo jua letu. Kwa nini tulikimbie, tuige ulaini wa nchi za baridi? Jibu zuri liko Bamako, Mali. Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake huko mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na watu wake wana nyuso zenye heshima na nguo zinazoonekana nyuzi zake. Hakulikimbia jua la Sahel. Alichagua limfikie mtu kwa njia gani. Mloka nafasi hiyo ipo. Boti lenye turubai juu, likiwa mtoni saa sita, hulizuia jua la utosini na kuacha mwanga uingie kutoka pande zote, huku maji yakirudisha mwanga chini ya kidevu. Akina mama wanajua khanga nyeupe ikitandikwa mbele ya mtoto hung'arisha uso wake. Ndiyo kazi ile ile, bila gharama.

Wapo watakaosema basi rangi za Oktoba zinapotea bure. Miombo ya ukanda huu, Septemba na Oktoba, hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba kabla ya mvua, kinyume cha kaskazini ambako wekundu ni wa majani yanayokufa. Nayapenda sana, na yafaa kufuatwa. Lakini yapigwe saa zile zile nne, jua likipenya majani kwa nyuma. Anayetaka nafasi zaidi kwa ajili ya watu aje likizo ya shule ya Juni: masika yameisha, na jua la adhuhuri huwa karibu digrii 59. Bado liko juu, ila kivuli chake kina mwelekeo.

Lipo pia suala la njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, kisha kuingia ndani mpaka Mloka, ni safari inayokula nusu siku, kwa hiyo anayeondoka asubuhi anawasili wakati mbaya kuliko yote. Asilazimishe picha. Familia ile chakula, ipumzike mchana kivulini, itoke saa kumi, ilale kijijini, na asubuhi imalizie. Gharama ya usiku mmoja ni ya kweli, na kwa familia kubwa si ndogo. Kama haiwezekani, basi jioni moja inatosha kwa picha za watu, na mchana uachiwe viboko na keremkerem wa kwenye kingo.

Tahadhari moja haina mjadala. Saa za mwanga mzuri ndizo saa ambazo viboko hutoka majini kwenda malishoni na kurejea, na Rufiji ina mamba wanaojulikana kwa kuua watu. Mtoto asishushwe mchangani ili maji yaonekane nyuma yake. Jua likiwa digrii 20, aliyesimama juu ya ukingo, mbali na maji, anapata mwanga ule ule, na mpiga picha akirudi nyuma na kuivuta lenzi, mto unaonekana mpana zaidi nyuma ya watu.