Kadi na matrikule yako ni mushahara yako

Kila mwisho wa mwezi hapa Buluo, mushahara ikisha kuingia, simu zinaanza kulia. "Papa, nimekosea, nimetuma makuta kwa namba yako. Unirudishie, mutoto iko hospitali." Mesaji inafanana kabisa na ya M-Pesa ao Airtel Money. Papa anatuma. Akiangalia hesabu yake, hakuna kitu kiliingia. Ametoa makuta yake mwenyewe.

Wizi hiyo tunaijua. Lakini kuna ingine, na sisi wa sendika tunaiogopa zaidi. Mutu anapita mutaa kwa mutaa, anasema kampuni fulani inaandika watu. Anaomba fotokopi ya kadi ya mpiga kura, namba ya simu, na makuta kidogo "ya dosie". Vijana wetu hawana kazi, wanapanga mstari. Kazi haiji. Fotokopi zinabaki kwake.

Atafanya nazo nini? Kongo ilikaa miaka mingi bila kadi ya uraia, kwa hiyo kadi ya mpiga kura ndiyo inatutambulisha kwa benki na kwa duka la simu. Mwizi anaweza kuomba SIM mpya ya namba yako, akisema simu ilipotea. Yako inakufa, yake inawaka. Akijua na namba yako ya siri, mushahara imeenda.

Hata matrikule ni makuta. Mwaka 2023, Inspection générale des finances ilisema kwamba watu zaidi ya 145 000 kwenye listi ya mishahara ya Serikali walilipwa kwa matrikule zisizo za kweli.

Basi bandugu, tushike hivi. Kazi ya kweli haiombi makuta. Mbele ya kutoa fotokopi, uliza delege kama kampuni inaandika kweli, na uandike juu yake tarehe na sababu. Namba ya siri, hata mukubwa wa kazi asiijue. Mwenye kukosea kutuma makuta aende kwa kampuni ya simu, siyo kwako. Simu ikikosa rezo bila sababu, kimbia saa ile ile kwa duka, wafunge namba, kisha polisi. Kode ya numerike ya 13 Machi 2023 inaazibu wizi hiyo.

Na usione haya. Aliyedanganywa akinyamaza leo, jirani yake anaanguka kesho. Njoo kwa delege, useme.