Walichekwa kwa Nywele, Wakaacha Viitikio

Tarehe 19 Septemba 1985, Dee Snider, mwimbaji wa bendi ya Twisted Sister, aliingia katika chumba cha kamati ya Seneti mjini Washington akiwa amevaa jinzi, nywele zake za rangi ya dhahabu zimevimba na kumwagika mabegani. Akachomoa hotuba yake, karatasi iliyokunjwa, kutoka mfuko wa nyuma wa suruali. Maseneta walikuwa wakisikiliza malalamiko ya kundi la PMRC, lililoongozwa na akina mama wa tabaka la wanasiasa akiwemo Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore. Kundi hilo lilitaka kaseti na sahani za muziki zibandikwe onyo kwa wazazi, na bendi za mtindo wa Snider ndizo zilizokuwa mstari wa mbele wa washtakiwa.

Waliokuwa chumbani walimtarajia mlevi asiyejua kujieleza. Snider akawaambia kuwa ana mke na mtoto wa miaka mitatu, ni Mkristo, havuti sigara, hanywi pombe wala hatumii dawa za kulevya. Wimbo wake uliodaiwa kusifu ukatili wa kitandani ulihusu, alivyoeleza, hofu ya mgonjwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji. Upande wake siku hiyo alikuwepo pia John Denver, yule yule wa nyimbo za kantri ambazo wasikilizaji wa redio nchini Kenya wanazijua kwa moyo. Naye alipinga udhibiti. Kibandiko cha onyo kilikuja hata hivyo, na kama ilivyotarajiwa na kila aliyewahi kuwa kijana, albamu zenye kibandiko zikatafutwa zaidi.

Muziki uliokuwa ukijadiliwa ulikuwa tawi la roki nzito lililoshika chati za Marekani kwa karibu miaka minane. Magazeti ya baadaye yaliuita kwa dhihaka metali ya nywele, kwa sababu kabla hujasikia gitaa ulikuwa umeshaona nywele: zimetimuliwa, zimepakwa rangi, zimesimamishwa kwa spreyi. Chini ya nywele kulikuwa na wanja, rangi ya mdomo, mitandio na suruali za kubana zisizoacha siri. Hadi leo anayetaka kuwacheka wanamuziki hao hana kazi ngumu. Atazame tu jalada la albamu ya kwanza ya bendi ya Poison ya mwaka 1986, ambapo wanaume wanne wamejipamba wakapambika kuliko maharusi.

Kicheko hicho kimeficha jambo moja. Hawa walikuwa mafundi wa kiitikio, na ufundi wao haukufa pamoja na nguo zao. Ulihama. Uliingia katika kantri, katika pop ya Sweden, hata katika wimbo wa Kombe la Dunia, na huenda msomaji ambaye hajawahi kununua albamu hata moja ya bendi kama Mötley Crüe ameuimba mara nyingi kuliko anavyodhani.

Makao makuu yalikuwa barabara moja, Sunset Boulevard, katika kipande chake kinachopita West Hollywood, pembeni ya Los Angeles. Klabu za Whisky a Go Go, Roxy na Gazzarri's zilikuwa karibu karibu, na usiku wa Ijumaa vijana walizagaa njiani wakibandika vipeperushi vya bendi zao kwenye nguzo za umeme. Klabu nyingine zilifika mahali pa kuwalazimisha wanamuziki wanunue tiketi za onyesho lao wenyewe, wakaziuze mitaani. Asiyeuza alikula hasara. Kabla ya kwenda jukwaani kijana aliinamisha kichwa chini, mwenzake akampulizia Aqua Net, spreyi ya bei nafuu, kisha wakakausha kwa mashine mpaka nywele zikakaa kama zilivyoamriwa.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa pale. Uingereza ya miaka ya 1970 ilikuwa tayari imewaona T. Rex, Slade na David Bowie wakipanda jukwaani kwa vipodozi na viatu vya soli nene. New York ilikuwa na New York Dolls na Kiss, Helsinki ilikuwa na Hanoi Rocks. Los Angeles iliongeza gitaa la kasi. Mwaka 1978 Eddie Van Halen alitoa albamu ya kwanza ya bendi yake, na kwa namna alivyogonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili kwenye shingo ya gitaa, aliwafanya wapiga gitaa wa mji mzima warudi nyumbani kufanya mazoezi. Huyo ndiye aliyepiga solo ya gitaa katika Beat It ya Michael Jackson mwaka 1982, bila kudai malipo. Kwa wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki, hapo ndipo gitaa la Los Angeles lilipobisha hodi.

Mlango wa biashara ulifunguliwa na bendi ya Quiet Riot. Mwezi Novemba 1983 albamu yao Metal Health ilishika namba moja ya chati ya Billboard, ya kwanza ya metali nzito kufika hapo, na ulioibeba ulikuwa wimbo wa kuazima kutoka kwa Slade. Kituo cha televisheni cha MTV, kilichoanza Agosti 1981, kilihitaji picha za kujaza saa 24, na hakuna waliokuwa na picha nyingi kuliko wale walioamka na kujipamba. Kampuni za kurekodi zikakimbilia Sunset na mikataba mkononi.

Ukitaka kuuona ufundi kwa karibu, ondoka Los Angeles uende Sheffield, Uingereza, kwa Def Leppard. Wenyewe hawapendi kuwekwa katika kundi la nywele, na wana sababu, lakini albamu yao Hysteria ndiyo kipimo cha enzi ile. Tarehe 31 Desemba 1984 mpiga ngoma wao, Rick Allen, mwenye miaka 21, alipata ajali ya gari nje kidogo ya mji wao akapoteza mkono wa kushoto. Bendi haikutafuta mwingine. Allen alitengenezewa seti ya ngoma za umeme zenye pedali, ili mguu wa kushoto ufanye kazi iliyokuwa ya mkono, na Agosti 1986 alikuwa jukwaani katika tamasha la Donington mbele ya umati.

Prodyuza wa Hysteria alikuwa Robert John Lange, anayejulikana kwa jina la Mutt, mzaliwa wa Mufulira, mji wa migodi ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alitaka albamu ya roki iwe kama Thriller ya Michael Jackson: kila wimbo uweze kusimama peke yake redioni. Kwa hiyo hakurekodi bendi ikipiga pamoja. Alijenga. Kodi (chord) ya gitaa ingeweza kurekodiwa uzi mmoja baada ya mwingine, kisha nyuzi zikaunganishwa ili zisikike safi kupita mkono wa binadamu. Sauti za kiitikio zilipangwa tabaka juu ya tabaka, wanabendi wakirudia mstari huo huo mpaka watu wachache wakasikika kama uwanja mzima wa mpira. Kazi hiyo ilikula karibu miaka mitatu. Albamu ilitoka Agosti 1987, ikatoa nyimbo saba za kuuzwa moja moja, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 20 duniani.

Baadaye Lange alimwoa mwimbaji wa Kanada, Shania Twain, na akapeleka karakana ile ile Nashville. Come On Over ya mwaka 1997 imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Wapenzi wa kantri wa Nairobi na Eldoret waliodhani wanasikiliza muziki wa mashambani wa Marekani walikuwa pia wanasikiliza kiitikio cha Sheffield, kimevuliwa suruali ya kubana kikavishwa kofia ya ng'ombe.

Mhamiaji wa pili ni Desmond Child, mtunzi mwenye asili ya Cuba. Mwaka 1986 aliketi na Jon Bon Jovi na Richie Sambora wa bendi ya Bon Jovi wakatunga Livin' on a Prayer, habari ya wapenzi wawili wa hali ya chini, mwanamume akiwa mfanyakazi wa bandari aliyeko kwenye mgomo na mwanamke akihudumu katika mgahawa. Hapo kuna sifa isiyotajwa vya kutosha: katikati ya miaka ya majigambo ya pesa nchini Marekani, wimbo mkubwa wa watu wa vipodozi ulihusu kodi ya nyumba na mshahara uliokatika. Sikiliza kiitikio cha mwisho kinavyopandishwa ghafla, msikilizaji anayeimba njiani akilazimika kukaza shingo au kunyamaza. Jon mwenyewe hakuwa na imani kubwa na wimbo huo mwanzoni. Miaka 12 baadaye Child alikuwa mmoja wa watunzi wa La Copa de la Vida, alioimba Ricky Martin kwa ajili ya Kombe la Dunia la Ufaransa 1998, na mwaka uliofuata akashiriki kutunga Livin' la Vida Loca.

Wa tatu alianza kama mwimbaji wa bendi ya mtindo huo huko Sweden, iliyoitwa It's Alive. Bendi haikufika mbali. Kijana huyo akaacha kuimba, akabaki studio Stockholm na kujulikana kwa jina la Max Martin. Aliandika ...Baby One More Time ya Britney Spears na kushiriki kuandika I Want It That Way ya Backstreet Boys, wimbo uliochakaza kaseti nyingi za vijana wa Dar es Salaam na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 Bon Jovi walipotaka kurudi kwenye chati, waliandika It's My Life pamoja naye.

Yote haya hayafuti uchafu wa enzi ile. Wanawake katika video nyingi walikuwa mapambo tu, na bendi za wanawake kama Vixen zililazimika kuthibitisha mara mbili kuwa zinapiga vyombo zenyewe. Ulevi ulitangazwa kama sifa. Desemba 1984, wiki chache kabla ya ajali ya Allen, mwimbaji wa Mötley Crüe, Vince Neil, aliendesha gari akiwa amelewa na kusababisha kifo cha Razzle, mpiga ngoma wa Hanoi Rocks. Hakukaa jela hata mwezi mzima. Wanaosimulia visa vya Sunset kwa kicheko huwa wanakiruka hiki haraka, na hawafanyi vizuri.

Kuhusu kuanguka kwao, simulizi ya kawaida ni kwamba bendi ya Nirvana walitokea Seattle na albamu ya Nevermind, Septemba 1991, wakawafagia wote kwa siku moja. Ukweli ni kwamba nyumba ilishaanza kuoza. Kampuni zilikuwa zimesaini nakala za nakala, kila moja ikitakiwa kuleta wimbo mmoja wa kelele na mmoja wa kulia. Bendi ya Warrant walikuwa wamemaliza albamu yao ya pili walipoambiwa inakosa wimbo wa kushangilia. Mwimbaji wao, Jani Lane, akauandika haraka, ukaitwa Cherry Pie, ukatoa hata jina la albamu ya mwaka 1990, na baadaye mtunzi alisema hadharani kwamba anajuta kuuandika. Zaidi ya hayo, Februari 1992, majuma machache baada ya Nevermind kufika kileleni, wimbo namba moja Marekani ulikuwa To Be With You wa Mr. Big: wanaume wa nywele ndefu, magitaa yasiyo na umeme na makofi ya viganja.

Miezi miwili baadaye, tarehe 20 Aprili, uwanja wa Wembley ulijaa watu waliokuja kumuenzi Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar aliyefariki Novemba iliyotangulia. Def Leppard, Guns N' Roses na Extreme walikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani. Hawakualikwa kujaza nafasi. Zile sauti za kwaya zilizorundikwa katika Hysteria zina deni la wazi kwa Queen, na Extreme waliunganisha nyimbo za Queen siku hiyo kwa namna iliyoonyesha kuwa wamezisoma kwa miaka. Mpiga gitaa wao, Nuno Bettencourt, baadaye alionekana katika ziara za Rihanna.

Wazee wenyewe bado wako kazini. Mötley Crüe walitia saini hati ya kuacha ziara, wakafanya onyesho la mwisho tarehe 31 Desemba 2015, kisha wakatangaza mwaka 2019 kuwa hati hiyo haipo tena, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewafuatilia. Majira ya kiangazi ya 2022 walizunguka viwanja vya Marekani pamoja na Def Leppard, Poison na Joan Jett. Bon Jovi waliingizwa katika jumba la heshima la roki mwaka 2018, Def Leppard mwaka 2019. Quiet Riot, waliofungua mlango, bado hawajaingizwa.

Anayetaka kujipimia mwenyewe asianze na picha. Achukue vipokea sauti, aweke Love Bites kutoka Hysteria, kisha You're Still the One ya Shania Twain, na afuatilie sauti za nyuma tu, kuanzia kiitikio cha kwanza hadi cha mwisho. Prodyuza ni mmoja, na mkono wake utausikia.