Mahari ya Jogaila ilikuwa dini

Februari 1386, mjini Kraków, mtawala wa mwisho wa kipagani barani Ulaya alipita mikononi mwa mapadri mara mbili ndani ya siku nne. Tarehe 15 alibatizwa, tarehe 18 akafunga ndoa. Machi akavikwa taji, na Jogaila wa Lithuania akawa Władysław, mfalme wa Poland.

Bibi harusi, Jadwiga, alikuwa na miaka 12 hivi, lakini kiti alikuwa nacho tayari. Wapoland walimtawaza Oktoba 1384 kwa cheo cha mfalme, si cha malkia, ijulikane kwamba anatawala kwa haki yake mwenyewe. Tena alikuwa na mchumba. Mwaka 1378 baba yake, Mfalme Louis, alimfungisha ahadi ya ndoa na Wilhelm wa Austria, wote wawili wakiwa watoto wadogo.

Wakuu wa Poland hawakumtaka Wilhelm. Adui yao alikuwa shirika la Teutonic, watawa wapiganaji wa Kijerumani waliowanyang'anya pwani ya Baltic. Watawa haohao waliishambulia Lithuania kila mara kwa jina la msalaba, kwa hoja kwamba wanapigana na wapagani. Adui akiwa mmoja, posa ya Jogaila haikukosa washenga.

Agosti 1385, katika ngome ya Krewo, Jogaila alitaja anachotoa. Angebatizwa yeye na ndugu zake, pamoja na wakuu na watu wake. Angewafungua mateka Wapoland, angemlipa Wilhelm fidia ya florini 200,000, na angeziunganisha ardhi zake na Poland.

Angeweza kuoa kwingine. Mama yake alikuwa Mworthodoksi, kama walivyokuwa raia wake wengi, na tayari kulikuwa na mazungumzo ya kumwoza binti wa mtawala wa Moscow. Lakini ubatizo wa Moscow usingewanyamazisha Teutonic, ambao waliwahesabu hata Waorthodoksi kuwa wapotovu. Ubatizo wa Kraków ungewaondolea kisingizio.

Jadwiga je? Jan Długosz, mwanahistoria wa karne iliyofuata, anasimulia kwamba mlango wa ngome ya Kraków ulipofungwa asimfikie Wilhelm, binti huyo aliomba shoka auvunje. Mzee mmoja wa baraza akamsihi mpaka akaghairi. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, yaliyoafikiwa Krewo yaliafikiwa na wakuu wake na wajumbe wa mama yake.

Mwaka 1387 mahari ilianza kulipwa. Długosz anaeleza jinsi moto mtakatifu wa Vilnius, huko Lithuania, ulivyozimwa na miti ya matambiko ikakatwa. Watu walibatizwa makundi kwa makundi, kila kundi likipewa jina moja, na kila aliyebatizwa akaondoka na shati jeupe la sufu. Mwaka huohuo mfalme aliyepata taji kwa kubadili dini ili aoe alipiga marufuku Mlithuania Mkatoliki kuoana na Mworthodoksi asiyekubali kuhamia Ukatoliki.

Teutonic hawakutulia. Walidai ubatizo huo ni wa uongo, wakaendelea na vita, mpaka Julai 15, 1410 majeshi ya Poland na Lithuania yalipowavunja nguvu huko Grunwald. Muungano uliozaliwa na ndoa hiyo ulidumu, kwa sura mbalimbali, hadi 1795. Imani ilikwenda polepole zaidi: Wasamogitia, Walithuania wa magharibi, walianza kubatizwa mwaka 1413.

Jadwiga hakuishi kuyaona hayo. Alifariki 1399 baada ya kujifungua, akiwa amewachia wanazuoni wa Kraków vito vyake ili chuo kikuu chao kifufuliwe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1997. Kanisa linamshukuru kwa kuileta Lithuania kwenye ubatizo. Kwa haki, shukrani hizo zigawanywe: uamuzi ulikuwa wa wanasiasa waliohitaji jeshi, na gharama ikabebwa na msichana aliyevunjiwa uchumba wake.