Je, Wajua? Redio ya Taifa Ilivyosikika Dodoma

Je, wajua kwamba kwa miaka miwili Dodoma ilinyimwa mchezo wa redio uliokuwa gumzo sehemu nyingine za nchi, tena kwa makusudi? Mchezo wenyewe ni Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Julai 1993. Watu walimfuatilia Mkwaju, dereva wa lori aliyemwacha mkewe Tunu nyumbani akawa na wapenzi kila anakopaki. Mwisho Ukimwi ukampata. Msikilizaji anafuata kisa, na humo humo anapata somo la uzazi wa mpango na kujikinga na maradhi.

Watafiti, akiwemo profesa Everett Rogers wa Marekani, walitaka kujua kama watu wanabadilika kwa sababu ya mchezo au kwa mambo mengine tu. Lazima pawepo mahali pa kulinganisha, na Dodoma ndiyo ikachaguliwa. Saa 12:30 jioni, kwingine wakimsikiliza Mkwaju, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vya hapa hapa. Mchezo uliletwa huku Septemba 1995. Takwimu zilionyesha kwamba katika ile miaka miwili uzazi wa mpango uliongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika, na Dodoma nayo ilipoanza kuusikia, ikapanda.

Ni ushahidi mzito juu ya nguvu ya redio, na wanafunzi wa mawasiliano wanausoma duniani kote. Hata hivyo, kila nikipita Ipagala, hapa Dodoma, jioni nikasikia redio dukani, namfikiria mama aliyewasha yake hapa mwaka 1993. Ukimwi haukusubiri mtambo wa Dodoma ufunguliwe. Natamani habari hii ijulikane zaidi na wenyeji, kwa sababu mchango ule ni wao.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1973, redio hiyo hiyo ilitumika katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi, redio katikati na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Sijui kipindi kingine kilichoshikisha watu wengi hivyo majembe.

Je, wajua kwa nini wazee walikuwa wakiigeuza geuza redio hadi sauti inyooke? Ndani ya redio ya masafa ya kati mna kijiti cheusi, kimezungushiwa waya mwembamba kama uzi wa cherehani. Hicho ndicho antena. Kikilala ubavu kuelekea kwenye mtambo kinanasa vizuri. Ncha yake ikielekea huko, sauti inafifia. Kwa hiyo kugeuza redio mezani kulisaidia kweli, ingawa watoto tuliona ni mazoea ya babu tu.

Na betri zilizoanikwa juani juu ya bati? Nazo zilisaidia, kwa muda. Joto huharakisha kemikali ndani ya betri iliyochoka, ikatoa umeme kidogo zaidi. Kwa jua la Dodoma, betri zilizoanikwa mchana ziliweza kukufikisha kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Saa hizo mawimbi ya kati nayo husafiri mbali zaidi, maana tabaka la chini la anga linaloyameza mchana hutoweka jua likizama. Ndiyo maana usiku stesheni za nchi jirani huingia zenyewe.

Kabla ya taarifa ile ya habari zilisikika ngoma. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, aliyepanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga zote peke yake. Alikuwa haoni. Ngoma zake zikianza, mtu aliyekuwa uani akiosha vyombo aliacha na kuingia ndani, na aliyekuwa anaongea alinyamazishwa. Wengi waliosubiri mapigo yale kila usiku hawakuwahi kujua kwamba mikono ile ilizitafuta ngoma kwa kupapasa.