Soya Inaponyauka, Chimba Mzizi

Kuoza kwa mizizi ya soya huletwa na kuvu zinazoishi udongoni, na dalili zake za kwanza hupotosha. Majani hugeuka manjano, mmea hudumaa, kisha hunyauka mchana hata kama mvua ilinyesha jana. Huko Mabanga, Kaunti ya Bungoma, kama kwingineko, ni rahisi kudhani shamba limekosa mbolea. Mbolea haiponyi mzizi uliooza.

Uchunguzi huanza kwa jembe. Mmea uchimbwe pamoja na donge lake, usivutwe kwa mkono, maana mizizi iliyooza hukatika na kubaki ardhini pamoja na ushahidi wote. Donge liloweshwe kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Mzizi wenye afya ni mweupe, una vijizizi vingi na umebeba vinundu. Vinundu hivyo si ugonjwa: ni makazi ya bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Hubanduka kwa ukucha, na kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa huwa cha waridi ndani. Uvimbe usiobanduka ni kazi ya minyoo wadogo wa udongoni.

Kila kuvu huacha alama yake. Fusariamu huupaka mzizi mkuu rangi ya hudhurungi na kula vijizizi vya pembeni, mzizi ukabaki mtupu kama mkia wa panya. Rizoktonia hupenda miche. Huchimba kidonda kikavu chenye wekundu kwenye shina, usawa wa udongo. Sklerotiamu huzungushia shina utando mweupe kama pamba, wenye vipunje vya kahawia vinavyofanana na wimbi.

Ya kuangaliwa zaidi Mabanga, penye joto kuliko mji wa Kitale, ni Makrofomina, iletayo uozo wa mkaa. Hushika mmea wenye kiu, hasa kuanzia maua hadi maganda kujaa. Majani hukauka lakini hayadondoki. Gome la chini likikwanguliwa kwa kisu, huonekana vidoa vyeusi vidogo mno, kana kwamba mtu amenyunyiza mkaa uliosagwa. Vidoa hivyo ni kuvu yenyewe iliyojikaza, nayo huweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 2. Hushambulia zaidi ya aina 500 za mimea, mahindi na maharagwe yakiwamo; ndiyo maana kubadilisha soya na mahindi, desturi iliyo njema kwa mengi, hakuifukuzi.

Jicho peke yake halitoshi. Maabarani, vipande vidogo hukatwa mpakani, panapokutana sehemu nzima na iliyooza, huoshwa kwa klorini hafifu, kisha huwekwa juu ya agari yenye supu ya viazi. Baada ya siku 5 hadi 7, hadubini huonyesha spora za Fusariamu zilizopinda kama mwezi mchanga, au nyuzi za Rizoktonia zinazochipuza matawi kwa pembe mraba. Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa baadhi ya Fusariamu hula mizizi iliyokwisha kufa tu. Kuvu iliyopatikana huambukizwa miche mizima. Miche ikiugua vilevile, na kuvu ileile ikipatikana tena ndani yake, ndipo ugonjwa hupewa jina.

Mkulima mwenye shaka apeleke kwa afisa wa kilimo, au kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya) Kitale, mimea kadhaa inayoanza kuugua, mizizi ikiwa na udongo wake, imefungwa kwa gazeti. Iliyokufa kabisa haifai: imekwisha kuvamiwa na kuvu nyingine zinazokula mabaki.