Uwazi wa Usemaji katika Kiingereza: Mazingatio kwa Walimu wa Taita Taveta

Makala haya yanakusudia kueleza ni mambo gani ya matamshi ya Kiingereza yanayostahili kutangulizwa na mwalimu wa Voi, Wundanyi, Mwatate au Taveta. Wanafunzi wake wengi hukifikia Kiingereza wakiwa tayari na lugha mbili: Kidawida, Kisagala au Kitaveta nyumbani, na Kiswahili sokoni na shuleni. Hoja yetu ni kwamba lengo lisiwe kuiga lafudhi ya London, bali kusema kwa namna ambayo msikilizaji hatakosea maana.

Tuanze na irabu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na 20, zikiwamo irabu unganifu 8. Hivyo irabu mbili au tatu za Kiingereza hukusanyika katika irabu moja ya msemaji wetu. Shahidi mahakamani akikusudia kusema kwamba mtu fulani hukaa mahali, "lives", aweza kusikika akisema kwamba huondoka, "leaves".

Jambo la pili ni konsonanti zinazofuatana. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Ndiyo sababu "club" likawa kilabu. Utaratibu huo ni halali kabisa katika kukopa maneno. Lakini ukihamishiwa katika Kiingereza huongeza silabi zisizokuwapo. Na anayeukwepa kwa kumeza konsonanti za mwisho huyafanya "walked" na "walk" kuwa neno moja, wakati uliopita ukapotea.

La tatu ni shadda. Katika Kiswahili shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ingawa "barabara" ya kupita magari hutengana na "barabara" ya sawasawa kwa shadda tu. Katika Kiingereza shadda huhamahama. Neno "fifteen" lina silabi mbili. Mwenye mazoea ya Kiswahili hukazia ya kwanza, na akififisha konsonanti ya mwisho, 15 husikika kama 50. Kwa muuguzi anayepokea kipimo cha dawa kwa simu, hili si suala la urembo wa lugha. Yafaa azoezwe pia kutaja tarakimu mojamoja: moja, tano.

Je, yapo yanayoweza kungoja? Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa, aliuweka urefu wa irabu miongoni mwa mambo ya lazima, lakini sauti za th akaziacha nje. Kwetu sauti hizo si ngeni: anayetamka vyema thamani na dhahabu anazo tayari.

Tatizo moja limo katika upimaji. Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, huuliza maswali ya stadi za kusema kwa maandishi. Mwanafunzi aweza kuitia shadda alama karatasini bila kuitamka kamwe. Hatuna budi, basi, kurudisha sikio darasani. Mwanafunzi mmoja asome orodha ya tarakimu na maneno yanayokaribiana. Mwenzake, akiwa amempa mgongo, aandike anachosikia. Pale maandishi yanapohitilafiana na orodha, hapo ndipo somo la kesho lianzie.